Acheni Kuabudu Springi Kali

Nimekuwa kimya karibu wiki tatu, si kwamba nimewasusa, ni haya maboksi yetu mnayoyajua, zamu ya usiku inammaliza mtu. Leo sina picha za theluji wala habari za nauli. Leo nimekuja na ugomvi.

Tangu niandike kwamba nimejiunga na klabu ya kulenga shabaha kwa bunduki za upepo hapa Lincolnshire, ujumbe haukatiki. Nilidhani mtaniuliza Mswahili anatafuta nini kwenye klabu ya wazee wa Kizungu. Wapi! Karibu wote mnasema neno moja: "Tutumie springi, ile kali kabisa." Baba mdogo wa Kilosa ana BSA ya zamani, anasema imechoka na anataka springi "ya kuangusha ngedere". Binamu yangu wa Tanga ameona kwenye intaneti springi inayosifiwa kama dawa ya mganga, anataka mbili, moja ya akiba.

Msidhani ni ugonjwa wetu Waswahili peke yetu. Hapa klabuni wapo Waingereza waliozaliwa na bunduki hizi mikononi, na bado bunduki ikipungua nguvu kidogo tu wanakimbilia springi nene kuliko ya kiwandani. Ugonjwa huu hauna rangi. Kwa hiyo nawajibu wote kwa pamoja, wa huku na wa huko: springi kali si nguvu. Mara nyingi ni hasara, na hapa Uingereza inaweza kuwa jela.

Kwa wale ambao hawajaiona, bunduki ya upepo ya springi haina baruti wala mtungi wa gesi. Ukikunja mtutu wake kuikoki, pistoni inarudi nyuma na springi nyuma yake inabanwa, halafu ndoana ndogo inaishika. Ukivuta kifyatulio, ndoana inaachia. Springi inaisukuma pistoni mbele, pistoni inaibana hewa iliyomo kwenye silinda, na hewa hiyo inapenya kwenye tundu dogo na kukisukuma kirisasi nje ya mtutu. Basi, hiyo ndiyo mashine nzima.

Sasa angalieni vizuri. Kinachokitoa kirisasi ni hewa, si springi. Na hewa iliyomo ni ile inayojaa silinda, haiongezeki hata chembe kwa sababu umenunua springi nene. Mchukue mbeba magunia wa Kariakoo, mwenye mabega kama ukuta, umpe pampu ndogo ya baiskeli. Atasukuma kwa nguvu zote, lakini kila msukumo utatoa hewa ileile ya pampu ndogo. Akizidisha ubabe, atavunja mpini. Ukitaka hewa zaidi, tafuta pampu kubwa zaidi. Mabega makubwa zaidi hayasaidii.

Ndani ya bunduki ni hivyohivyo. Kati ya nguvu zote unazozihifadhi kwenye springi wakati wa kukoki, ni takriban theluthi moja tu inayofika kwenye kirisasi. Nyingine inapotelea kwenye joto, msuguano, mtikisiko na teke la bunduki begani. Tena pistoni haifiki mbele ikatulia. Hewa iliyobanwa inaidunda na kuirudisha nyuma kidogo kabla haijatua. Ukiweka springi kali kwenye silinda ndogo, pistoni inakwenda kasi zaidi na kudunda zaidi, au inagonga ukuta wa mbele kama nyundo. Kirisasi kinaongeza mwendo kidogo sana au hakiongezi kabisa, wakati mwingine hata kinapunguza. Ziada yote uliyoilipia kwa pesa na kwa jasho la kukoki inakurudia kama teke, kelele, darubini iliyolegea vioo na sili ya pistoni iliyochanika.

Kuna akina Cardew, baba na mwana, Waingereza waliokaa miaka mingi wakizipima bunduki hizi badala ya kubishana. Walionyesha kwamba katika bunduki yenye nguvu, sehemu ya nguvu inatokana na mafuta kidogo ya kulainishia yanayoungua hewa inapobanwa ghafla. Walipoondoa hewa ya kawaida na kuweka naitrojeni, ambayo haiwezeshi kitu kuungua, bunduki ileile yenye springi ileile ilipoteza nguvu nyingi. Sasa niambieni, springi imebadilika? Haijabadilika. Yule anayesema "nguvu ni springi" hajawahi kufungua bunduki akafikiri.

Najua kuna mjuaji atakayesema: "Mbona Weihrauch HW80 ukiiweka springi kubwa inaongezeka kweli?" Ndiyo, inaongezeka, wala sibishi. HW80 ilitengenezwa na silinda kubwa tangu mwanzo, ndiyo maana Wamarekani waliiuza kwa jina la Beeman R1 ikiwa na nguvu nyingi kuliko ile ya Uingereza. Silinda ilikuwa na nafasi ikisubiri. Lakini hilo linaniunga mkono mimi: silinda ndiyo iliyoamua, springi imeitikia tu. Chukua springi ya HW80 uishindilie kwenye BSA Meteor ya baba mdogo, hata kama ingeingia, huipati HW80. Unapata Meteor iliyovunjika.

Sasa tuje kwenye jela, maana hapa sitanii. Uingereza na Wales, mtu mzima anaweza kununua bunduki ya upepo bila cheti mradi nguvu ya kirisasi kikitoka mtutuni isizidi futi-pauni 12, yaani jouli 16.3 hivi. Bastola ya upepo mwisho wake ni futi-pauni 6. Kanuni hiyo ni ya mwaka 1969. Scotland wamekaza zaidi, tangu tarehe 31 Desemba 2016 hata bunduki ya chini ya kiwango hicho inataka cheti. Ireland ya Kaskazini ikizidi jouli 1 tu, ni cheti. Ujerumani kiwango cha kuuziwa bila kibali ni jouli 7.5, na bunduki inagongwa herufi F ndani ya pembetano. Kwa hiyo kuna modeli inayotoka kiwanda kimoja na kufungwa springi tofauti kulingana na sheria ya nchi inakokwenda. Aliyechagua springi ya kiwandani hakuwa mjinga.

Bunduki yako ikivuka 12 hapa, si "imezidi kidogo". Kisheria imeshakuwa silaha kamili inayotaka cheti cha polisi, na kukutwa nayo bila cheti adhabu yake inaweza kufika miaka 5. Kusema "sikujua" hakukuokoi, wala "niliinunua hivyohivyo". Sheria inatazama bunduki ina uwezo gani, haitazami ulikuwa na nia gani.

Na mstari wenyewe ni mwembamba. Fanyeni hesabu nami: chukua uzito wa kirisasi kwa gramu, zidisha na mwendo kwa mita kwa sekunde, zidisha tena na mwendo uleule, gawa kwa 2000. Jibu ni jouli. Kirisasi cha milimita 5.5 chenye gramu 0.94 kikienda mita 175, unapata jouli 14.4, uko salama. Kikienda 186, umefika ukingoni kabisa. Kikienda 190, ni karibu jouli 17, umeshavunja sheria. Mita 4 tu kati ya raia mwema na mshtakiwa! Hakuna sikio wala bega linaloweza kuhisi tofauti hiyo. Inahitaji kifaa cha kupimia mwendo wa kirisasi, na klabu nyingi wanacho. Tena pima kwa virisasi vya aina mbalimbali, maana kirisasi kimoja kinaweza kukupa 11 na kingine kikakuvusha.

Nawaambia hasa vijana wenzangu wahamiaji, maana kuna wawili wameniandikia kutoka Leicester. Mwingereza akihukumiwa, akitoka anarudi kwao mtaa wa pili. Wewe na mimi tunaoishi kwa viza tuko chini ya sheria ya mipaka ya mwaka 2007: raia wa kigeni akihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, kurudishwa kwao ndiyo kawaida, na kujitetea ni shughuli. Miaka ya kubeba maboksi, ada za watoto, nyumba unayojenga Kibaha imefika lenta, vyote viende kwa sababu ya springi? Kwa ajili ya kutoboa kopo mita 30, kopo ambalo springi ya kiwandani inalitoboa bila shida?

Mtasema, basi bunduki ikichoka tuitupe? Hapana. Springi huchoka kweli. Hufupika, hupinda, hukatika. Ninachopinga ni kununua kabla ya kupima.

Kwanza hakikisha tatizo ni springi. Kama bunduki ni ya kukunja mtutu, weka kipande cha karatasi laini juu ya maungio ya mtutu, kisha piga kwenye shabaha kama kawaida. Karatasi ikiruka, kisili cha maungio kinavuja. Hicho ni kitu kidogo cha bei ndogo, na hakuna springi duniani itakayoziba tundu hilo. Kisha jaribu virisasi vingine, maana vinavyolegea mtutuni vinapoteza hewa. Kisha sili ya pistoni. Bunduki nyingi za zamani zina sili ya ngozi, na ngozi ikikauka inavuja, inataka mafuta kidogo. Za kisasa ni za plastiki, hazitaki mafuta hayo. Ukiyashindilia mafuta ya injini kwenye silinda utapata moshi, mlio kama fataki, na mwisho sili iliyoungua. Wangapi wamebadilisha springi nzima wakati mgonjwa alikuwa ni sili?

Springi yenyewe ikitolewa, ibiringishe juu ya kioo. Ikiyumba kama mlevi, imepinda. Ikiwa imekatika utaona. Ikiwa imenyooka na urefu wake haujapungua sana ukilinganisha na mpya ya aina hiyo, isafishe uirudishe.

Kama kweli imekufa, nunua iliyotengenezwa kwa modeli yako na kwa kiwango cha nchi unayoishi. Nimemaliza. Kama modeli ni ya zamani na springi yake haipatikani, hapo ndipo vipimo vinapoingia, na ni hivi:

Kipenyo cha nje: iingie ndani ya pistoni na kuteleza kwa uhuru, kwa sababu springi ikibanwa hutanuka kidogo. Ikikwaruza ukuta, inakula nguvu na inakula pistoni.

Kipenyo cha ndani: ile fimbo inayoishika springi kwa ndani iingie kwa kubana kiasi. Ikilegea, kila ukipiga utasikia mlio kama waya wa zeze. Watu wanadhani mlio ule ni nguvu. Ni springi inacheza tu.

Unene wa waya: hapa ndipo wauzaji wanapowapata. "Hii ni milimita 3.2, ile yako ni 3 tu." Inaonekana tofauti ndogo. Lakini kwa springi zenye umbo sawa na mizunguko sawa, ugumu unapanda kwa kipeo cha nne cha unene. Kutoka 3 hadi 3.2 ni ugumu zaidi kwa asilimia kama 29. Utausikia kwenye mkono wa kukokia.

Idadi ya mizunguko: zidisha mizunguko kwa unene wa waya, upate urefu wa springi ikiwa imebanwa mpaka pingili zimegusana. Springi ya mizunguko 33 ya waya wa milimita 3 inafika milimita 99. Kama nafasi iliyobaki kwenye bunduki iliyokokiwa ni milimita 104, inakaa. Ile "kali" ya mizunguko 36 ya waya wa 3.2 inafika milimita 115. Haikai! Pingili zitagusana kabla ndoana haijashika. Mtu anafikiri hajavuta vya kutosha, analazimisha, mkono wa kukokia unapinda. Hesabu ya darasa la nne ingemwokoa.

Ncha: ziwe zimefungwa na kusagwa bapa, na zilainishwe kwa msasa zisikwaruze. Springi iliyokatwa kwa msumeno na kuachwa na ncha kama ndoana ni adui.

Kuhusu kuifunga nitasema kwa ufupi, maana sitaki mtu asome hapa akimbilie bisibisi. Springi inakaa ndani ya bunduki ikiwa imeshabanwa, hata kama haijakokiwa. Katika bunduki nyingine inasukuma kwa uzito wa kilo 30 au 40. Kwenye Weihrauch kama HW80, kifuniko cha nyuma kina hesi ndefu, kinafunguliwa polepole na springi inapumzika taratibu. Kwenye nyingine, kama Diana 34, kinashikwa na pini. Ukigonga pini bila kuzuia kitu, kifuniko na springi vinatoka kama kombora, na uso wako uko hapo hapo. Lazima kuwe na fremu yenye skrubu ndefu inayoshika kifuniko, pini inatoka, kisha unalegeza skrubu kidogo kidogo. Jiriwa ya kushikia mbao peke yake haitoshi, goti halitoshi, na shemeji wa kushikilia hatoshi. Kabla ya yote hakikisha bunduki haina kirisasi na haijakokiwa. Kamwe usivute kifyatulio mtutu ukiwa umekunjwa, utarudi kama mtego wa panya na kupinda, na kidole kikiwa katikati ni chako hicho. Wala usipige bila kirisasi ndani, pistoni inakosa hewa ya kuizuia. Na grisi ni kidogo tu. Bunduki si maandazi.

Sasa narudi kwa baba mdogo. Baba mdogo, shikamoo. Naomba unisikilize mwanao. Springi uitakayo sitaituma. Si uchoyo, na wala si kwamba nimekuwa Mzungu. Kwanza, Bongo kuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Nenda kituoni uulize bunduki ile uliyoirithi inahitaji nini na karatasi zake zikoje, kabla vifaa vyake havijaanza kupita posta vikiwa vimefungwa ndani ya shati. Pili, ngedere. Hata springi kali kuliko zote haitaigeuza Meteor kuwa bunduki ya mnyama mkubwa kiasi kile. Itamjeruhi. Atakimbilia msituni na kirisasi tumboni, afe siku ya tatu, na wenzake watarudi kwenye mahindi yako asubuhi inayofuata. Bunduki ya upepo ni ya shabaha na ya panya wa ghalani, kwa umbali mfupi, palipo na mkono uliotulia. Shamba la mahindi linataka mlinzi, mbwa na kelele.

Ukishauliza kituoni na ukaambiwa hakuna tatizo, niandikie modeli, kipenyo cha mtutu na vile vipimo nilivyovitaja hapo juu. Pima na uwezo wa hiyo sili, kama ni ya ngozi pengine tone mbili za mafuta zitamaliza kesi yote. Kama ni springi kweli, nitatafuta ya kawaida, inayolingana na bunduki ile, si ya kushindana na mtu.

Na wewe binamu wa Tanga unayetaka mbili, moja ya akiba: ngoma ikivuma sana hupasuka. Umri wako huo bado unapima uanaume kwa springi? Anayeshinda hapa klabuni ni bibi wa miaka 70 na kitu, bunduki yake laini, teke lake kama la paka, na kila Jumapili anatuacha nyuma wenye mabega. Hajawahi kuniuliza springi yake ina nguvu kiasi gani. Anauliza tu kadi ya shabaha imesomaje.

Haya, nawasilisha. Mnaobisha karibuni kwenye maoni, hata mkinitukana nitayaacha, ilimradi mje na vipimo. Kesho nina zamu tena. Msalimieni bibi, mwambieni dawa ya miguu nimeshaituma, hiyo ndiyo niliyoiweka kwenye boksi badala ya springi.

Tuko pamoja.